Kasisi anaweza kukataa, karani hawezi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Nchi ikihalalisha ndoa za jinsia moja, dini zinapoteza nini?" Nitajibu kwa mfano wa Afrika Kusini, maana huko jambo hili lina umri wa kutosha kupimwa.

Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, iliamua kwamba sheria ya ndoa inayowafungia nje watu wa jinsia moja inavunja katiba. Bunge likapewa miezi 12, na sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Haimlazimishi padre, mchungaji wala shehe kufungisha ndoa hizo. Dhehebu likitaka kuzifungisha, lenyewe ndilo linaloomba kibali. Kanisa Katoliki halizifungishi mpaka leo. Mchungaji Mpho Tutu van Furth, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, alipooana na mwanamke, ilibidi mwaka 2016 arudishe leseni yake ya huduma katika Kanisa la Anglikana. Jina la baba yake halikumsaidia, na serikali haikuingilia.

Mimi ni Mwislamu. Msimamo wa dini yangu kuhusu ndoa hizi naujua, wala sikusudii kuupindisha. Ila nawaomba Waislamu wenzangu watazame jambo moja. Kwa miaka mingi sheria za Afrika Kusini hazikuitambua nikahi yetu kuwa ndoa kamili. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka 20, akazaa na kulea, akipewa talaka hakuwa na kinga ambayo sheria ya talaka iliwapa wake wengine katika mali na matunzo. Juni 2022 mahakama ile ile ikasema hapana, huo ni ubaguzi, na mwaka 2024 sheria ya talaka ikarekebishwa ili iwakinge wake hao. Misingi iliyotumika ni usawa na utu wa mtu, misingi ile ile ya mwaka 2005. Nimesikia watu wakiishangilia hukumu ya mwaka 2022 huku wakiilaani ya mwaka 2005. Sijui wanasimama wapi, kwa sababu wakiuondoa msingi wa ile wanauondoa na wa hii, na atakayeumia ni yule mama aliyepewa talaka.

Kuna kesi moja inayowapa wapinzani hoja ya kweli. Mwaka 2015 Kanisa la Kireformu la Kiholanzi liliruhusu wachungaji wake kubariki mahusiano ya jinsia moja, likageuka mwaka 2016, kisha mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaubatilisha uamuzi huo wa kugeuka. Walioshtaki walikuwa watu wa kanisa lenyewe, na utaratibu wa kikao ulikuwa na kasoro. Hata hivyo, kwa maoni yangu mahakama ingeishia kwenye kasoro hizo, na mafundisho ingewaachia waumini wenyewe wayagombanie.

Kwa upande wa serikali sina kigugumizi. Kifungu cha 6 cha sheria ya mwaka 2006 kilimruhusu ofisa wa serikali anayefungisha ndoa kuandika barua kwamba dhamiri yake inamzuia kuwahudumia watu hawa. Mamia waliandika. Zikawepo ofisi ambazo wapenzi wa jinsia moja hawakupata mtu wa kuwafungisha, ilhali sheria ilikuwa imewapa haki hiyo waziwazi. Kifungu kilifutwa mwaka 2020, na kilichelewa mno. Shehe akikataa, anailinda dini aliyokabidhiwa na waumini wake. Karani hakukabidhiwa dini ya mtu. Amepewa kiti, muhuri na mshahara unaotokana na kodi ya watu wote, wakiwemo wale wawili waliosimama mbele yake wakisubiri cheti. Dhamiri yake ikimsumbua, aombe kuhamishiwa dirisha la vitambulisho.