Nyembe tisa ndani ya wiki moja

Juzi usiku msomaji wangu mmoja wa Tanga ameniandikia: "Kaka, nimenunua mashine ya kukatia nakshi, wiki haijaisha nyembe tisa zimeshanikatikia. Niiuze?"

Usiuze, ndugu yangu. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Mashine yangu, huo msumeno wenye wembe mwembamba wa meno unaopanda na kushuka, niliinunua ya mtumba Kariakoo mwaka 2021. Nilikuwa na picha moja tu kichwani: zile roshani za zahanati ya zamani pale Mizingani, Zanzibar, jengo lililokamilika mwaka 1894, mbao zake zimetobolewa kama lesi. Nilipokuwa mdogo nilisimama chini yake mpaka shingo ikauma. Nikajiambia, nipe wiki mbili, nami nitakata vile.

Kazi ya kwanza ilikuwa zawadi ya harusi ya binti wa shangazi yangu: jina lake, kwenye plaiwudi ya milimita 6. Kingo zilitafunika, kwenye kona mbao iliungua. Lakini niliipiga msasa usiku kucha, nikaipaka vanishi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Miezi miwili baadaye nilienda kuwasalimu. Ubao ule uko jikoni, umewekwa chini ya sufuria ya maharage. Masizi yamemeza nusu ya jina. Nilikunywa chai, nikaaga. Mpaka leo sijamwambia mtu pale kwao kwamba niliuona.

Baada ya hapo ikawa kukata na kutupa, karibu mwaka mzima. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi vitanda, jirani yetu. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama nyuma yangu kimya. Kisha akaudonoa wembe kwa ukucha. Ukatoa sauti nzito, kama uzi wa udi uliolegea. "Mwanangu, huu haujakazwa," akasema. Akakaza, akadonoa tena, ukalia kwa sauti nyembamba. Halafu akaweka viganja vyake juu ya vyangu. "Unausukuma ubao kama mkokoteni. Acha meno yaukate yenyewe."

Basi ni hayo mawili, ndugu yangu wa Tanga. Wembe uliolegea hupinda ndani ya mbao, na mkono wenye haraka huumalizia. Nyembe tisa zako naamini zimekufa hivyo.

Mengine utayazoea. Meno yatazame chini; ukipandisha kidole taratibu kando ya wembe utayasikia yanakukwaruza. Plaiwudi nyembamba nipe wembe mwembamba, namba 2 au 3; ubao wa milimita 18 nipe mnene zaidi, namba 5. Usishangae wembe ukivutia upande mmoja hata kwenye mstari ulionyooka: nyembe nyingi hutoka kiwandani na ukali umezidi upande mmoja, kwa hiyo unauingiza ubao kwa mshazari kidogo. Kazi ya matundu, toboa kwa drili, fungua wembe juu, upitishe, ukaze tena. Kata ya ndani kwanza, mzingo wa nje uwe wa mwisho, ili ubao ubaki na mwili wa kushikia. Na barakoa vaa. Vumbi la mbao halina urafiki na kifua.

Lakini narudi palepale: kaza, usisukume. Sisi tunaoanza ukubwani tunataka nakshi kabla ya mstari. Tunanunua mbao nzuri, tunaiharibu, tunalaumu mashine. Kata mstari mmoja mara hamsini! Kata duara mpaka lizunguke lenyewe mkononi. Mimi nilikataa kufanya hivyo, na ubao wangu ukaishia chini ya sufuria.

Ramadhani hii nimemaliza rehali ya mninga, ubao mmoja wa milimita 20 uliopasuliwa katikati, bawaba zake zimekatwa humohumo bila msumari. Bawaba nilizichonga kwa patasi, nakshi zote ni za mashine. Siku nzima ilikwenda kwenye ua moja. Mama ameweka msahafu juu yake sebuleni. Shemeji aliinyanyua, akaigeuza, akauliza nimeinunua duka gani Unguja. Nilimwonyesha vidole vyangu, bado vina vumbi jekundu.

Binti wa shangazi naye ameona picha, ameomba ya kwake. Sijamjibu.

Wewe leo usiku kaza wembe, uudonoe, ukate mstari mmoja wa inchi 10 kwenye kipande cha plaiwudi usichokihitaji. Kesho niandikie wembe umelia vipi.