Mzigo wa kwanza kila mtu analeta mzuri: kwa mnaoanza kutafuta vifungashio huku Mbeya

Wadogo zangu mnaoanza kusindika, habari za kazi. Naandika hii kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza "dada vifungashio unachukua wapi", namtajia duka, anaenda, baada ya miezi miwili anarudi analia. Duka halina shida, shida ni alivyonunua. Mi natengeneza siagi ya karanga na unga wa lishe hapa Mbeya, huu mwaka wa sita, na hela niliyopoteza kwenye makopo na pauchi, ile mifuko ya kufungashia, inatosha kununua mashine ya pili ya kukaangia karanga. Sitaki na nyie mpitie huko.

Kitu chenyewe ni hiki, muuza vifungashio usimpime kwa sampuli, wala usimpime kwa mzigo wa kwanza. Sampuli kakuchagulia mwenyewe nzuri kuliko zote, na mzigo wa kwanza bado anakutafuta kwa hiyo lazima uwe mzuri. Mzigo wa pili na wa tatu ndo unamjua ni nani, maana hapo stika zako umeshachapisha kwa kipimo cha kopo lake, wateja wameshalizoea, huwezi kuhama leo na kesho, na yeye anajua.

Mimi yalinikuta kwenye makopo ya siagi ya gramu 400. Kuna mtu wa Dar alikuwa na bei nzuri, nikachukua 500 safi, nikachukua tena 500 safi, oda ya tatu yakaja makopo ambayo kwa macho ni yaleyale kabisa, kifuniko chekundu kilekile. Nikajaza, nikafunga, nikapakia katoni mbili kwenye basi la jioni. Asubuhi mteja wangu ananipigia video yuko stendi ya Magufuli pale Mbezi, katoni imelowa chini, anaifungua naona mafuta ya karanga yametambaa mpaka kwenye stika, tarehe ya kuisha haisomeki, na makopo yanateleza mkononi mwake. Nikaenda stoo nikachukua kopo kwenye yale yaliyobaki nikafunga kifuniko taratibu, kinakaza, kinakaza, halafu tik, kinaruka uzi kinaanza upya. Nikatoa kifuniko cha mzigo wa zamani nikajaribu kwenye kopo jipya, hakikai kabisa. Maana yake kalibu ya kopo ilibadilika, au vifuniko vimetoka kiwanda kingine, na mimi sikuambiwa. Nilipompigia akasema "dada mbona ni yaleyale, labda hujakaza." Katoni mbili za siagi nilizilipa mimi, na mteja yule ilinichukua miezi kumrudisha.

Tangu siku ile kila mzigo unaoingia kwangu natoa vipande viwili naandika tarehe kwa makapeni naweka kwenye mfuko wao. Mzigo mpya ukija, kabla sijamalizia hela, nakaa nao chini: kifuniko cha zamani kwenye kopo jipya, kifuniko kipya kwenye kopo la zamani, halafu makopo kama matano nayachagua mwenyewe kutoka chini ya katoni, siyo ya juu, nayatia mafuta ya kula, nafunga, nayalaza kichwa chini juu ya gazeti mpaka asubuhi. Gazeti likiwa na duara la mafuta basi huo mzigo haushuki kwangu.

Pauchi nazo zina ujanja wake, na hapa nawaomba msome taratibu kwa sababu ndipo wengi mnapopigwa. Pauchi ikipunguzwa unene huwezi kuona kwa macho, na kipimo cha mikroni, yaani cha kupimia unene, wengi wetu hatuna. Lakini mzani wa jikoni unao. Hesabu pauchi 100 za mzigo mzuri, pima, andika. Mzigo unaofuata hesabu tena 100 za saizi ileile, pima. Mimi za kwanza zilikuwa gramu 920, mzigo wa tatu zikaja gramu 780, urefu uleule, upana uleule, bei ileile. Sasa ule uzito umeenda wapi kama siyo kwenye unene? Na nilishaanza kuhisi kitu maana mashine ya kusili, ile ya kufunga mdomo wa pauchi kwa moto, niliyoizoea kwa moto uleule ilikuwa inaunguza mdomo wa pauchi, nikipunguza moto inashika halafu ukivuta kidogo inaachia yote kama zipu. Nilipomwekea muuzaji namba hizo mbili mezani hakubishana, akarudisha mzigo. Ukienda na maneno ya "naona kama nyepesi" atakushinda, nenda na gramu.

Halafu kuna hili la huku kwetu juu, ambalo muuzaji wa Dar hawezi kukuambia kwa sababu kwake halimtokei. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, inakandamiza kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar. Kwa hiyo pauchi unayoisili Mbeya ikiwa imejaa vizuri, ikishuka Kitonga mpaka Dar inanywea, inaonekana imelegea, na mteja anakwambia inavuja. Mimi nilirudishiwa pakiti 20 za unga kwa sababu hiyo na hazikuwa na tundu hata moja. Upande wa pili ni wenzetu wa Kyela, wanasili mchele au kakao chini kule, mzigo unapanda Tukuyu kuja Mbeya, pauchi zinavimba, na pale ambapo kusili kulikuwa dhaifu panapasuka njiani. Kwa hiyo ukipewa sampuli usiishie kuitazama dukani, ijaze bidhaa yako, isili, mpe dereva au konda unayemfahamu iende mpaka unakouza na irudi. Ikirudi izamishe kwenye ndoo ya maji uibonyeze, ikitoa mapovu unajua tundu liko wapi, isipotoa basi kule ilinywea tu na unaweza kumweleza mteja kwa uhakika. Na unaposili toa hewa ya ziada kwa kiganja, haimalizi tatizo lakini inapunguza sana.

Pauchi za kaki kila mtu anazipenda sasa hivi kwa sababu zinapendeza, lakini angalia ndani. Kama ndani ni karatasi tupu au nailoni nyepesi, unga wako utanyonya unyevu masika ikifika na karanga zitatoa madoa ya mafuta nje ndani ya wiki. Muulize ndani kuna nini, kata moja kwa mkasi mbele yake uone matabaka. Wa kahawa mliotoka Mbozi nyie mna lenu, kahawa iliyokaangwa inaendelea kutoa gesi siku kadhaa, mnahitaji pauchi yenye kile kitundu cha valvu, la sivyo inavimba kama puto. Na siagi au asali ya moto usiimimine kwenye kopo la PET, yale ya plastiki inayoonyesha ndani, kopo linajikunja, subiri ipoe.

Bei sasa. Wengi mnachagua kwa bei ya kipande na mimi nilifanya hivyohivyo. Chukua mfano wangu, Dar pauchi ni shilingi 350, hapa Mbeya ileile 420. Ukichukua 1,000 Dar ni 350,000, weka parseli ya basi na boda na makato ya kutuma hela, tuseme 35,000, inakuwa 385,000, halafu kwenye hizo 1,000 ukikuta 70 mbovu ambazo huwezi kuzirudisha kwa nauli, unabaki na 930, ambayo ni kama shilingi 414 kila moja. Tofauti na Mbeya ni shilingi 6. Na kwa wa Mbeya nachukua 200 leo, zikiwa mbovu narudi nazo kesho kwa daladala, hela yangu nyingine inanunua karanga msimu ukiwa umeshuka bei. Sisemi Dar usinunue, kuna saizi huku hazipatikani na ukifika kuchukua 10,000 hesabu inabadilika, nasema piga hesabu mpaka mlangoni kwako na utoe mbovu kabla hujafurahia.

Kuchapisha jina moja kwa moja kwenye pauchi, kwa anayeanza, mi nasema bado. Viwanda vingi vinachonga silinda, yale magurudumu ya kuchapishia, kwa kila rangi na unazilipia wewe, halafu wanataka oda kubwa. Ukija kukosea anwani au uzito, au TBS, wale wa viwango, wakakwambia rekebisha lebo, una maelfu ya pauchi ambazo huwezi kuzitumia. Anza na pauchi tupu na stika. Na siku ukichapisha muulize kwa maandishi silinda ni za nani, maana ukigombana naye akibaki nazo unaanza moja.

Lebo yenyewe iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani yako, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha, namba ya toleo. Usajili wa chakula siku hizi uko TBS, toka 2019 ulipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, nendeni ofisi zao za hapa Mbeya, pale pale ulizeni na vifungashio maana wanawajua wauzaji na wasindikaji wenzenu. Zile nailoni nyepesi zisizo na jina la aliyezitengeneza achaneni nazo, mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vimeruhusiwa lakini mkaguzi akikukuta na kitu kisichojulikana kimetoka wapi, muuzaji hatakuwepo kukusemea.

Kwenye malipo, hela iende lipa namba ya biashara siyo namba ya mtu binafsi, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai, na usitoe zaidi ya nusu kabla hujaona mzigo. Anayekataa nusu kwa nusu kwa mteja mpya namwelewa kama oda ni ndogo, ila basi punguza oda, usipunguze tahadhari.

Na mwezi wa nane mkienda Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, msiishie kuuza. Zungukeni mabanda ya wasindikaji, mkiona kopo zuri mwulizeni mwenye banda amelitumia muda gani, siyo kalinunua wapi tu. Mimi huyu ninayemtumia sasa, yuko hapahapa Mwanjelwa, nilimpata hivyo kwa mama mmoja wa Iringa anayesindika pilipili, aliniambia amechukua kwake miaka mitatu na mara mbili amemrudishia mzigo bila kelele. Mwaka jana mwezi wa saba nilimpigia nataka makopo 600, wiki ambayo kila mtu anatafuta vifungashio na angeweza kuniuzia chochote, akaniambia "mama, yamekuja ila vifuniko sivielewi, njoo na kifuniko chako cha zamani tujaribu kwanza." Nikaenda nacho. Hakikukaa. Nikasubiri siku 9, nikaingia Nane Nane na makopo 140 tu yaliyokuwa stoo, na hakuna hata moja lililovuja.