Maswali na majibu: Kabla hujalipia tela la boksi

*Shikamoo fundi. Napika kwenye sherehe hapa Dodoma mjini. Nataka tela la boksi la kubebea viti, vyombo na maturubai. Ekseli ya pili (mhimili wa magurudumu) inaongeza bei. Niiache?*

Marahaba binti yangu. Usiiache. Ekseli ya tela dogo kwa kawaida hubeba kama kilo 1,500, na tela lenyewe limo humo humo kwenye hesabu. Boksi likiwa na kilo 600, umebakiwa na 900. Viti 200 vya plastiki vinakaribia nusu tani, na bado hujapakia nguzo za maturubai wala majiko. Inaniuma kuona wateja wanalipia rangi, taa za ndani na rafu, halafu wanabana kwenye ekseli na chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini. Rafu utaweka hata mwakani. Ekseli ukiitaka baadaye ni kukata na kuchomelea upya. Pete za kufungia kamba nazo zichomelewe kwenye chuma chenyewe, maana iliyoshikwa kwa skrubu kwenye plaiwudi hung'oka mzigo ukiyumba. Na kama mitungi ya gesi itasafiri humo, dai matundu ya hewa chini kabisa ya boksi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni.

*Nauza vitenge kwenye minada ya Bahi na Chamwino. Tela langu jipya lina raba kila mlango, lakini nikifika mzigo umejaa vumbi. Nimepunjwa?*

Huenda hujapunjwa. Tela likitembea, nyuma yake hewa hupungua nguvu, vumbi la matairi linajikusanya mlangoni na kuvutwa ndani kwenye kila upenyo. Paka chaki kwenye raba, funga mlango, kisha fungua. Pale ambapo chaki haikuhamia kwenye fremu ndipo penye upenyo. Ukishaziba, toboa tundu la hewa mbele, juu, uliwekee sponji ya kuchuja na kofia ya kuzuia mvua. Hewa ikisukumwa ndani kutoka mbele, itatafuta kutokea nyuma na kulizuia vumbi lisiingie. Sponji uioshe kila ukirudi mnadani. Kwa barabara zetu za vumbi, nyongeza hii ningeidai kabla ya ile ya rangi.

*Nitavuta mafuta ya alizeti kutoka Singida kwenda Igunga kwa pikapu. Tela liwe na breki zake?*

Kwa njia inayoshuka mlima Sekenke, ndiyo, wala usijadili bei. Madumu 60 ya lita 20 ni zaidi ya kilo 1,100, na mteremkoni uzito wote huo unaisukuma pikapu. Breki za umeme zinahitaji kifaa cha kuziongoza ndani ya gari. Kama utabadilisha magari ya kuvuta, chukua zile zinazojibana zenyewe tela linapolisukuma gari. Pakia kama asilimia 60 ya mzigo mbele ya ekseli, la sivyo tela litayumba nyuma yako.

*Mlango wa pembeni uwe upande gani?*

Kushoto, ushukie kando ya barabara. Matela ya Marekani huwa nao kulia kwa sababu kule wanaendesha kulia. Ukiagiza, uliza kwanza.

*Na wa nyuma: wa kuangusha au wa mbawa mbili?*

Pikipiki na mashine zenye magurudumu, wa kuangusha, maana ukilala chini unakuwa daraja la kupandishia. Magunia, mbawa mbili zinazofunguka pembeni, ili urudishe tela hadi ukingoni mwa ghala.