Mwenye siku mbili Mbeya aanzie wapi?

Ndugu uliyeuliza ni vivutio gani vya asili vya kuona ukiwa na siku mbili tu Mbeya, nakushauri ushike barabara ya Tukuyu hadi Rungwe, na siku ya kwanza uitoe yote kwa Ziwa Ngosi. Ziwa hili limo ndani ya kasoko ya volkano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wala halina mto unaoonekana ukitoka humo. Njia hupita kwenye msitu wa mianzi na migomba mwitu, na sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wenye utelezi, ambako hushika mizizi kwa mikono kabla ya kutokeza ukingoni na kuliona ziwa la kijani chini kabisa, ikiwa ukungu haujalifunika. Chukua kiongozi wa kijijini na uondoke asubuhi, kwani huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Siku ya pili nenda Mto Kiwira, ukaone Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa lava iliyopoa, mto ukipita chini yake. Jirani yake ni Kijungu, ambako mto huohuo hubanwa na kumezwa na shimo la mwamba; tafadhali sana usisogelee ukingo wake. Ukija kati ya Desemba na Aprili, ongeza siku ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa sababu ndipo maua yake, okidi zikiwemo, huchanua uwanda mzima.