Bamba la chuma na risasi za bunduki ya upepo: kwa anayeanza kujenga kinga

Karibu kila anayenunua bunduki ya upepo hapa Uingereza ili alenge shabaha uani kwake huuliza swali moja: bamba liwe nene kiasi gani risasi isipenye? Ni swali la msingi, ila si kazi yote. Kwa bunduki hizi, kuizuia risasi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kinachohitaji akili ni kuamua itaelekea wapi ikishagonga.

Anza na nguvu ya bunduki yako. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo unayoruhusiwa kuwa nayo bila leseni haizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 hivi. Uskoti mambo ni tofauti, huko unahitaji cheti. Risasi ya milimita 4.5 huwa na uzito wa takriban nusu gramu, na ikitoka kwa mwendo wa mita 250 kwa sekunde inakaribia jouli hizo 16. Bunduki za mashindano ya mita 10, zile za Olimpiki, hupiga kwa mita 170 hivi kwa sekunde, na nguvu yake haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia bamba lake limedumu miaka mingi, muulize kwanza linapigwa na bunduki gani.

Bati la kuezekea la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi. Usilitegemee hata siku moja. Shiti la chuma laini la milimita 1 kwa kawaida halitoboki mara moja, ila linabonyea, na kila risasi inayotua palepale inazidi kulichimba. Milimita 2 zinatosha kuzuia jouli 16. Mimi hushauri milimita 3, na sababu yangu si hofu ya kupenya.

Sababu ni vijibonde. Risasi hizi ni za madini laini, ambayo nayo huitwa risasi (lead). Ikigonga bamba lililonyooka inapondeka papo hapo, na vipande vya ukingoni vinaruka pembeni, sambamba na uso wa chuma. Tazama bamba zuri baada ya mazoezi: utaona madoa ya kijivu yanayong'aa, yamezungukwa na michirizi myembamba inayokimbilia pande zote. Hiyo michirizi ndiyo njia ya vipande. Sasa bamba likishabonyea, kingo za kijibonde zinaipindisha njia hiyo, na kile kilichokuwa kikienda pembeni kinamrudia mpigaji. Bamba lenye mashimo ya kina ni la kutupa hata kama halijatoboka popote.

Ndiyo maana bamba haliwekwi wima. Liinamishe, upande wa juu uje kwako, kwa nyuzi 45 hivi, ili risasi itupwe chini kwenye sanduku lenye mchanga uliochekechwa. Mchanga wenye kokoto unarudisha vitu usivyovitaka. Mbele funika kwa kadibodi, ambayo ndiyo hubeba karatasi ya shabaha na kunasa vipande vinavyopotea. Ukiwa na majirani wa karibu, jaza sanduku puti ile isiyokauka, ambayo mafundi umeme huzibia mabomba ya nyaya, unene wa sentimita 5 hivi, na chuma kibaki nyuma yake. Risasi inazama humo bila ule mlio wa "tang" unaochosha mtaa mzima.

Matairi ya gari yaache kabisa. Mpira wake mgumu hurudisha risasi nyepesi ikiwa nzima, tena kwa kasi. Mbao ngumu nazo hufanya hivyo mara nyingine. Na zile gololi za chuma zinazouzwa kwa bastola za upepo zisikaribie bamba la chuma: hazipondeki, zinadunda. Miwani ya usalama ivaliwe na kila aliyepo, hata mtoto aliyekuja kutazama tu.

Jambo la sheria: ni kosa risasi yako kuvuka mpaka wa eneo lako bila idhini ya mwenye eneo la pili. Kwa sababu hiyo nyuma ya sanduku ning'iniza zulia kuukuu zito, lilegee, lisikazwe. Likilegea linayumba na kuimaliza nguvu ya risasi iliyokosa sanduku. Liwe pana kuliko unavyoona inahitajika, maana anayejifunza hukosa kwa mbali.

Mabaki ya madini ya risasi ni sumu. Usiyafagie makavu, vumbi lake linavutwa puani. Lowesha kwanza, uyakusanye ukiwa na glavu, kisha unawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Yakijaa kopo, funga kifuniko na uyapeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.