Kubadili oili bila kulala chini ya gari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina miaka 63, goti langu halikunji tena. Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ. Naweza kubadili oili mwenyewe bila kuingia uvunguni? – Mama wa Morogoro

JIBU: Shikamoo mama. Unaweza, kwa kuinyonya kutoka juu. Tafuta pampu ya mkono ya kunyonyea oili yenye mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la stiki, kile kijiti cha kupimia oili. Usinyonye kwa mdomo hata kidogo. Ile ni sumu.

Washa injini dakika 5 ili oili ilegee, zima, subiri itulie. Chomoa stiki, shusha mpira taratibu mpaka uguse chini, usiulazimishe. Ukisikia korokoro, umeanza kuvuta hewa: inua kidogo, uzungushe, ushushe tena. Mimi hurudia mara tatu, na kila mara hutoka kikombe kingine.

Kisha pima ulichotoa. Injini yako hubeba lita 3.4 bila kubadili filta, 3.7 ukiibadili. Zikitoka lita 2 tu, mpira haujafika chini. Jaza mpya kidogo kidogo huku ukiangalia stiki.

Filta ndiyo kikwazo, maana kwa gari lako hufikiwa kwa chini. Hiyo mwachie kijana wa gereji, na tafadhali asiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Nimeona jeki ikiteleza.

Oili chafu itie kwenye dumu, uipeleke gereji wanayoikusanya. Isimwagwe mtaroni, mama.