Jibu: Klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni itanipotezea muda?

Mdogo wangu, umesema uko fom thrii hapa Mtwara, unataka unesi, unaogopa klabu itakula muda wa kusoma. Ingia tu aisee. Mi niliingia fom two, kila Ijumaa baada ya vipindi tunafungana bandeji kwa kanga kuukuu, tunajifunza kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama: kukandamiza kifua mara 30 halafu kumpulizia pumzi 2, spidi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, mikono inauma mpaka inatetemeka. Kuna siku jirani kaanguka toka kwenye mkorosho, mguu ukavunjika, watu wanataka kumbeba hivohivo, nikawazuia nikamfunga na vipande viwili vya mbao ndo tukampeleka hospitali ya Ligula. Ila baiolojia na kemia zishike sana, chuo cha unesi wanaangalia hizo.